Neno la Tharcisse

Nguo zilikuwa zimekauka zamani, lakini nilizirudisha kwenye mashine nikazikausha tena. Chumba cha kufulia cha nyumba zetu za kupanga pale Euless, Texas, kilitenganishwa na ukumbi mdogo wa wapangaji kwa mlango wa kioo, na nyuma ya kioo hicho, Jumamosi moja ya Januari mwaka 2001, Tharcisse alikuwa amesimama mbele ya ubao mweupe na kalamu ya bluu mkononi. Mbele yake walikaa watu kumi na wanne. Saba kati yao walikuwa wanafunzi wangu hadi mwezi uliotangulia, na wa nane, aliyekaa safu ya kwanza na daftari mapajani, alikuwa mke wangu Nahla.

Katikati ya ubao palikuwa na neno moja la herufi tatu: get.

Nilisimama na kapu tupu kiunoni nikijifanya nasoma maelezo ya pakiti ya sabuni. Ndani walikuwa wanacheka. Hawakuwa wakimcheka mtu. Walicheka kwa raha ya kuelewa, na mimi katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuwasikia wanafunzi wangu wakicheka hivyo. Kiplagat, dereva mwenzangu wa basi la hoteli, ambaye darasani kwangu alisinzia hadi kidevu kikagusa tai, alikuwa amenyoosha mkono juu kabisa akiomba aulizwe yeye. Nilimwonea Tharcisse wivu. Nasema wivu kwa kuwa sina jina jingine la kuliita jambo lile, na kwa kuwa umri nilio nao sasa hauniachii nafasi ya kujipamba.

Ningependa kusema kwamba nilimhofia mke wangu kwa mwanamume yule. Wivu wa namna hiyo una heshima yake. Watu wanauelewa, wanakupa na pole. Lakini Tharcisse alikuwa na mke wake Bibiche aliyempenda, na watoto wanne, na alipozungumza na wanawake alitazama viatu vyake. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu ya neno, neno ambalo nililijua miaka thelathini kabla yake.

Nilikuja Texas mwaka 1994 pamoja na Nahla na binti yetu Intisar, aliyekuwa na miaka minne. Mombasa nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, miaka kumi na mmoja. Huku nikawa dereva wa basi dogo la hoteli, nikiwachukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka kwenye maofisi yao Plano, nikiwabebea masanduku. Wiki nzima nilikuwa "driver". Jumamosi ndipo nilipokuwa Mwalimu Hudhaifa. Watu wa kwetu wa pwani, Wazanzibari, watu wa bara, baadaye na Wakongo, waliniletea mikataba ya nyumba, barua za uhamiaji, ripoti za shule za watoto wao. Niliwasomea, niliwaandikia majibu, na kwa wale waliotaka, nilifundisha saa mbili kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi ule. Hakuna aliyenilipa wala sikutaka. Lile jina tu lilinitosha.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Chuoni kwetu kulikuwa na mkaguzi mzee aliyevaa soksi ndefu, na yeye alituapia kwamba neno get ni la mtu mvivu. Mtu aliyesoma husema obtain, husema receive, become, arrive, understand. Kila jambo lina neno lake safi, alisema, na anayetia get kila mahali anafanana na mpishi anayetia chumvi hata kwenye chai. Nami kwa miaka kumi na mmoja nilizungushia neno lile wino mwekundu katika madaftari ya watoto wa watu. Get moja ilikata nusu alama.

Tharcisse aliletwa mwanzoni mwa mwaka 2000 na shirika la wakimbizi, akawekwa nyumba inayotazamana na yetu, ng'ambo ya maegesho. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mkimya. Kabla ya vita alifundisha Kilatini na Kifaransa katika shule ya mapadri. Hapa alipakua vifurushi katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na Bibiche akasafisha vyumba vya hoteli. Alijiandikisha darasani kwangu wiki ya pili, akakaa nyuma, akaandika kila nilichosema. Siku moja alibaki wenzake walipotoka.

"Mwalimu, samahani," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Kule ku kazi banasema neno moja tu, asubui mpaka mangaribi. Get this, get up there, get going, did you get it. Miye nimeandika makumi tatu na nane. Hii neno ni ya namna gani?"

Nilimwambia ni neno la wavivu na asipoteze karatasi kuliandika. Alinishukuru, akainamisha kichwa kwa adabu, na nikaona waziwazi kwamba hakuniamini.

Alikwenda maktaba ya mji kwa miguu. Hilo nililisikia baadaye kutoka kwa Kiplagat. Mama mmoja wa pale maktaba alimfungulia kamusi kubwa inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi, na mtu wa Kilatini akaona amefika kwao. Kila siku ya mapumziko alikuwa pale. Akaanza kuwaeleza wenzake ghalani wakati wa kula, kisha majirani, kisha akanijia mlangoni kuniomba ruhusa: kama sitaona vibaya, angetumia ukumbi Jumamosi mchana, mimi nikishamaliza darasa langu la asubuhi. Nilimruhusu kwa sababu sikuwa na sababu ya kumkatalia, na kwa sababu niliamini atashindwa. Mtu asiyeweza kutamka "th" angemfundisha nani?

Siku ile ya mashine ya kukaushia ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Alisema neno lile si mwenyeji wa Uingereza.

"Ilifika na mashua," alisema. "Batu ba kaskazini baliileta, inapita miaka elfu moja. Baliingia kwa nguvu, kisha balibakia, balioa, balilima. Na neno yabo ikabakia nabo. Ilifika kama sisi, haina kintu. Wenyeji bakaipa kazi zote zenye benyewe bamechoka nazo."

Hapo ndipo walipocheka. Kisha akachora mkono katikati ya ubao, mkono mbaya wenye vidole vinene, akaeleza kwamba kule lilikotoka, neno lile maana yake ilikuwa kushika kitu na kukifikia. Waingereza wenyewe walikuwa na ndugu yake toka zamani, amefungiwa ndani ya maneno mengine, kama forget, ambalo ni kitu kilichokuwa mkononi kikaponyoka. Kilatini kina ndugu yake prehendere, aliyezaa prendre ya Kifaransa. Ndiyo sababu, alisema, yeye alikuwa analijua kabla hajalijua. Akaanza kuwauliza mmoja mmoja: ukisema get cold, mkono uko wapi? Mwanamke mmoja wa Goma akajibu kwamba hapo baridi ndiyo yenye mkono, ndiyo inayokushika. Ukisema get it, mkono uko wapi? Kichwani. Na ukisema get home? Kiplagat akasimama kabisa, akasema hapo mtu ameishika nyumba yake baada ya kazi. Get sick, get well, get on, get off, get fired, get used to it. Kila mmoja alitafuta mkono.

Mimi mtu wa pwani, ambaye nusu ya maneno yangu yaliletwa na watu waliopita njia wakakaa, sikuwahi hata siku moja kuliuliza neno lile limetoka wapi. Nililikuta kwenye daftari nikalikata alama. Nilimtazama mke wangu kupitia kioo. Alikuwa anaandika haraka, midomo inacheza, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo mimi sikuwahi kuitia pale kwa somo lolote.

Hapo lazima nieleze habari ya Nahla. Tulikuwa tumekaa Marekani karibu miaka saba na Kiingereza chake kilikuwa "thank you" na "my husband". Nilijaribu kumfundisha mara tatu. Kila mara iliishia mimi nikisahihisha kosa lile lile mpaka yeye akafunga kitabu na kwenda jikoni. Niliwaambia watu kwamba mke wangu ana ulimi mzito. Ukweli ni kwamba uzito ule niliupenda. Kwa daktari nilimsemea mimi. Kwenye mikutano ya shule ya Intisar nilimsemea mimi. Nilipenda sana ile dakika ambapo mtu amemaliza kuzungumza, na Nahla anageuka kunitazama, anangoja nimpe ulimwengu kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata simu zangu za Kiingereza nilizungumza mbele yake bila kupunguza sauti, kama niko peke yangu.

Yeye alitaka kuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Dada wa Kizanzibari aliyefanya kazi hiyo alikuwa amemwonjesha habari zake, na Nahla hakuizungumza tena hamu hiyo ila mara mojamoja, wakati wa kukunja nguo. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Mwisho wa mwaka 2000 alinijia na kauli fupi.

"Baba Intisar, Jumamosi ntakwenda kwa yule Mkongo. Nawe utapumzika kuchoka na mimi."

Aliisema kwa upole, bila kejeli, na kwa hiyo sikuwa na pa kuishika.

Nilianza vituko vidogo. Siku ya Idd ya kuchinja, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, Tharcisse na Bibiche walikuja kutupa mkono wa Idd pamoja na binti yao mkubwa, Tania. Nyumba ilijaa wageni. Tharcisse akasema "batu" na mimi nikamwambia, kwa sauti ya kufika kila kona, kwamba Kiswahili ni "watu". Akasema "watu", akashukuru. Akasema "kintu". Nikamwambia "kitu". Akarudia "kitu", akashukuru. Mara ya kwanza wageni walicheka, mara ya pili wachache, mara ya tatu hakucheka mtu. Nahla aliweka sahani ya mahamri mezani akaingia jikoni, na hakutoka mpaka wageni wale walipoaga.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa ofisi ya elimu ya watu wazima alikuja kukaa nyuma ya darasa la Tharcisse. Mmoja wa wanafunzi alikuwa amemsimulia. Ofisi ilikuwa inatafuta mwalimu wa jioni, wa mshahara, wa kuwafundisha wageni waliofika karibuni, darasa lianze mwezi wa tano. Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba mwaka 1998 mimi nilikuwa nimeiandikia ofisi hiyo hiyo, nikaambatanisha vyeti vyangu vyote, na wakanijibu kwa barua ya mistari miwili. Barua ile niliichana ndani ya basi kabla ya kufika nyumbani. Mtu ambaye sasa walikuwa wakimfuata wenyewe, bila yeye kuomba, alikuwa na mwaka mmoja nchini.

Tharcisse alikuja kunipa habari akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara ya tatu. Ofisi ilitaka jina la mtu anayemfahamu na anayeijua kazi ya kufundisha, wampigie simu wamuulize.

"Nimebapatia jina yako, Mwalimu," alisema. "Wewe njo mukubwa wangu ku hii kazi."

Nilimwambia amefanya vyema. Alitazama mikono yake iliyochanika kwa maboksi, kisha akasema kwamba tangu atoke Bukavu hakuna karatasi yoyote iliyomwita mwalimu. Zote zilimwita mkimbizi, au zilimwita kwa namba. "Kama banikubali," alisema, "nitarudia kuwa mutu." Hakusema zaidi, na nilimsindikiza hadi ng'ambo ya maegesho kama inavyotakiwa kumsindikiza mgeni.

Simu ilipigwa Jumanne alasiri. Nilikuwa nyumbani kwa zamu yangu ya mapumziko. Nahla alikuwa kwenye meza ya jikoni, hatua nne kutoka nilipokaa, akichambua dengu kwenye sinia.

Natamani ningeweza kusema kwamba nilisita. Yule mama aliuliza kwa Kiingereza, nami nilimjibu kwa Kiingereza changu kizuri, kile cha mkaguzi, kila neno mahali pake. Nilisema Tharcisse ni mtu mwema na mwaminifu. Hapo ningeweza kunyamaza na maisha ya watu kadhaa yangekwenda njia nyingine. Nikaongeza kwamba, kwa kuwa ameniuliza na mimi sipendi kumficha, bwana yule anahamia Houston. Familia imekwisha amua, kabla ya majira ya joto watakuwa wameondoka. Labda ameona haya kumwambia. Houston niliichagua kwa sababu ndilo jina la mji nililolikuta mdomoni. Mama yule alivuta pumzi akasema ni hasara kubwa. Aliuliza kama namjua mtu mwingine. Nikamwambia, taratibu, bila haraka, kwamba mimi mwenyewe nimefundisha miaka kumi na mmoja.

Nilipoweka simu chini Nahla aliuliza ni nani. Nikamwambia ni ofisi ya kazini, wamebadilisha zamu.

"Haya," alisema, akaendelea kutoa vijiwe kwenye dengu.

Mwezi wa nne nikapata barua ya kunipa kazi ile, nami nikaitundika ukutani. Tharcisse, aliyekuwa amengoja wiki tatu, aliipigia ofisi simu mwenyewe, kisha akavuka maegesho kuja kwangu. Alikuja kunipongeza kwanza, na alinipongeza kwa moyo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akauliza swali lake.

"Banasema miye nahamia Houston. Mwalimu, nani anaweza kubaambia vile?"

Nilimwambia Wamarekani hawa wana mafaili mengi, wanachanganya watu. Wakongo kwao wote ni mmoja. Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atakasirika, atasema anakwenda kuwasahihisha, na tayari nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa pili wa kuukinga wa kwanza. Hakukasirika. Aliniambia kwamba binamu yake Bibiche anakaa Stafford, kule Houston, na ameshaandika mara mbili kuwaita, na wao wamekuwa wakisitasita. Jumapili iliyopita wamesali kanisani wakiomba waonyeshwe njia. Na sasa mtu asiyewajua, ofisini, ametamka jina la mji ule ule.

"Labda si makosa," alisema. "Labda ni Mungu ananitolea njia kwa kinywa ya mutu mwingine."

Maneno matano yangetosha kumzuia. Kwa muda niliyahisi kabisa ulimini, na nikayameza. Nilimwambia Houston ni mji mkubwa na Wakongo wako wengi, hatapata upweke.

Waliondoka mwisho wa mwezi wa tano na gari la kukodi lililofungwa magodoro juu. Asubuhi ile aliniachia daftari lake. Get zilikuwa zimefika mia moja na kumi na mbili, kila moja na tarehe aliyoisikia, na nani aliyeisema, na mkono mdogo uliochorwa pembeni. Alisema litanisaidia kwa wanafunzi. Lilinisaidia. Nilichora mkono ubaoni, nikauliza mkono uko wapi, nikasimulia habari ya watu wa kaskazini, na wanafunzi wapya wakacheka pale pale walipocheka wa kwanza. Kiplagat alikuja jioni moja, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuniaga. Baada ya hapo alinisalimia kazini kwa mkono wa mbali.

Mtihani wa Nahla ulikuwa mwezi wa sita, Fort Worth. Nilikwenda naye kama nilivyokwenda naye kila mahali, tai imefungwa, tayari kumsemea. Mlango ulipofunguliwa nikainuka. Nahla alimwambia yule msimamizi, kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba mume wake atangoja nje.

Nilikaa chini. Kupitia mlango ambao haukufungwa vizuri nilimsikia akimhudumia mgonjwa wa mfano. Alimwambia atamsaidia kuinuka sasa, asiwe na haraka, na akihisi kizunguzungu amwambie. Makosa yalikuwapo, niliyasikia yote, ni maradhi ya kazi yangu, lakini hapana aliyeyajali. Alitoka na karatasi mkononi. Alikuwa amefaulu.

Tulirudi kwa barabara ya 183. Nilikuwa na furaha, na nilihisi pia kwamba nimeibiwa, na vitu hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja. Nikamuuliza, kwa sauti ya mzaha, tangu lini amekuwa anasikia Kiingereza namna hii.

Aliikunja karatasi yake mara mbili akaitia mkobani.

"Kusema, tangu juzi juzi," alijibu. "Kusikia, tangu mwezi wa pili."

Nilihesabu. Idd ilikuwa mwezi wa tatu. Simu ilikuja baada ya Idd. Nikapita njia yetu ya kutokea, na yeye hakunikumbusha. Ndege ilishuka juu yetu, kubwa, ikaenda zake, na mimi nikaendelea kushika usukani kuelekea Irving ambako sikuwa na shughuli yoyote.

"Mbona hukusema?"

"Nalikungoja useme wewe."

Alisema hivyo tu. Hakurudia siku hiyo wala siku nyingine, na huo ndio ulikuwa ukali wake. Alianza kazi. Alipiga simu zake mwenyewe, alikwenda kwa daktari mwenyewe, alijifunza gari kwa mwalimu wa Kiamerika. Tulikaa kwa heshima, tulikula pamoja, tulimlea Intisar. Lakini mtu alipomaliza kuzungumza, Nahla hakugeuka tena kunitazama. Wazee wa ile nyumba aliyofanyia kazi, wagonjwa wasiojua hata siku ya wiki, ndio waliopata ule uso wa kungoja na kusikiliza. Nikawaonea wivu na wao.

Darasa langu lilifungwa mwaka 2003. Mkono niliouchora haukuwa wangu, na wanafunzi, nadhani, walilihisi jambo hilo bila kulijua. Kila mwaka Tharcisse alinipigia simu, Krismasi kwao na Idd kwetu, na kila mwaka nilijiambia nitasema. Nilimwambia habari za hali ya hewa. Kule Houston alipata shule ya watoto wa matajiri iliyotaka mwalimu wa Kilatini, na jioni akafundisha Kiingereza kanisani kwao. Alinisimulia hayo kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake, na mimi nikampongeza, na nikishaweka simu chini nilikaa muda mrefu na hasira isiyokuwa na mtu wa kuangukia.

Mwaka 2008 alitualika harusi ya Tania. Nahla ndiye aliyeendesha mpaka Stafford, saa nne na nusu, bila kunipa zamu. Baada ya kanisa watu walikwenda nyumbani kwa Tharcisse, nyumba ya matofali yenye bustani nyuma, na kama ilivyo kawaida ya harusi, meza hazikutosha. Bibiche alinisalimia kwa kichwa. Tharcisse, baba wa bibi harusi, katika suti yake ya kijivu, alitoka mwenyewe kwenda gereji kuchukua meza nyingine, nami nikamfuata. Tulikuwa wawili tu kati ya viti vilivyopangwa na baiskeli za watoto. Nikaona kwamba nisiposema pale nitakufa nalo.

"Ile habari ya Houston," nilimwambia. "Ni mimi niliyewaambia."

Alikuwa anapangusa vumbi juu ya meza kwa kitambaa chake cha mfukoni. Hakuacha kupangusa.

"Najua, Mwalimu," alisema. "Yule mama alinipigia simu tulipofika huku. Alitaka kujua kama tumefika salama. Akanitajia jina yako, akasema una roho nzuri, ulimwambia ukweli."

Miaka saba. Nilimuuliza kwa nini basi alinipigia simu zote zile, kwa nini amenialika nikae mbele kanisani pamoja na ndugu zake. Alifikiri kidogo, kama alivyofikiri zamani mwanafunzi akimuuliza jambo gumu. Alisema alikasirika miaka miwili. Bibiche bado, na hatamlazimisha. Kisha akasema siku moja alijikuta darasani anamtaja mtu wa kwanza aliyemfundisha Kiingereza huku Amerika, na jina lilipotoka halikumwuma.

"Nilikungojea tu," alisema. "Sasa kamata upande ule, batu banasimama."

Nikakamata upande ule. Meza ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Tuliibeba kuelekea nyumbani, yeye akitembea kinyumenyume na suti yake nzuri, akinielekeza kwa kichwa nisigonge mlango, na nilimwonea wivu kuliko siku nyingine yoyote.